Printa inapunguza mchoro baada ya kusasisha Linux, naombeni ushauri kabla sijakata kitambaa

Mkasi_Butu
Wakuu, salama? Nimekwama. Mimi ni fundi wa nguo, na michoro ya kukatia naichora mwenyewe kwenye Inkscape. Naitoa kama PDF ya A4, nachapa, naunganisha kurasa kwa gundi, nakata. Ukurasa wa kwanza huwa na mraba wa kupimia wa mm 100. Tangu nisasishe Linux, mraba unatoka mm 91. Nimeweka rula juu, nimeweka ubavuni, ni 91 kote. Printa ni ile ile, kebo ile ile, karatasi ile ile, sijagusa kitu. Kuna nguo ya mtu inasubiri na kitambaa chake hakipatikani tena. Nifanyeje?

Wino_Mkavu
Pole sana ndugu. Hizi mashine hizi! Yangu ilianza kutoa mistari myeupe katikati ya maandishi, nikahangaika nayo wee, kumbe vichwa vya wino vimeziba kwa sababu nilikuwa siichapishi mara kwa mara. Safisha vichwa kwanza, kisha urudi hapa.

Mkasi_Butu
Wino hauna shida mkuu. Shida ni ukubwa.

MzeeKernel
Vijana mnasasisha kwa fujo. Septemba 2024 zilitangazwa kasoro za usalama za cups-browsed, programu inayotafuta printa kwenye mtandao: inasikiliza mlango wa UDP 631 na kumwamini yeyote anayejitambulisha kuwa yeye ni printa. Kama hujaizima, huo mraba ndio tatizo lako dogo kuliko yote.

Dada_Foleni
Mzee, kauliza habari ya rula. Mkasi, andika amri hizi za kuonyesha printa na karatasi iliyowekwa, ulete majibu, na useme PDF unaifungua kwa programu gani:

`lpstat -p -d`
`lpoptions -p JINA_LA_PRINTA -l`
`locale -k LC_PAPER`

Mkasi_Butu
Dada, amri zinanitisha, nisije nikaharibu zaidi. Hakuna njia ya kubofya? Halafu ujanja nimeshaupata: nakuza mchoro hadi 110% ndani ya ukurasa ule ule wa A4, ukipunguzwa unarudi karibu na 100. Nilichotaka kujua hasa ni kama naweza kuendelea hivyo.

Rula_Sentimita
Na zile alama za kuunganishia kurasa, zilizo pembezoni, ukikuza zinaenda wapi?

Mkasi_Butu
Zinakatika kidogo. Naunganisha kwa macho, uzoefu ninao. Na michoro karibu yote nimeshaikuza, siwezi kurudi nyuma kwa ajili ya milimita mbili tatu.

Rula_Sentimita
Milimita mbili kila kiungio, kurasa nne kwa upana. Wewe ndiye fundi, piga hesabu ya kiuno cha mteja.

Chapachapa
Mteja atapungua, msimkatishe tamaa 😂

Asiyeamini
Samahanini kwa kuharibu starehe, ila uzi huu umetungwa. A4 ina urefu wa mm 297, Letter ya Marekani 279.4. A4 ikibanwa iingie kwenye Letter, unapata 94%. A4 ikibanwa ndani ya pambizo zake yenyewe, unapata kama 96%. Hiyo 91 haitoki popote. Pili, kusasisha hakufuti foleni za printa, yaani mipangilio ya kila printa: yaliyomo kwenye /etc/cups, folda ya CUPS inayosimamia uchapaji kwenye Linux, yanabaki, na lugha ya mfumo inabaki. Mtu mwenye ujasiri wa kusasisha mfumo mzima anaogopa lpstat? Mnachezewa.

Chapachapa
Mimi nilishtuka pale kwenye "kitambaa hakipatikani tena". Hapo nikajua tuko kwenye tamthilia.

Wino_Mkavu
Kama ni uongo na mimi nimetoa ushauri wa vichwa vya wino kwa moyo mmoja, Mungu anamwona.

Dada_Foleni
Asiyeamini, hesabu zako ni sahihi, ila umezifanya moja moja. Zifanye kwa pamoja. Printa nyingi haziwezi kuchapa hadi ukingoni, zinaacha kama mm 4.2 kila upande. Letter 279.4, toa 4.2 juu na 4.2 chini, inabaki 271. Gawanya kwa 297. Ni 0.912. Rula ya Mkasi haidanganyi.

Ila hoja yako ya pili ina uzito. Mkasi, jibu moja tu: ulisasisha, au ulifuta diski ukasimika upya?

Mkasi_Butu
Nilisimika upya. Diski ilikuwa imejaa takataka, nikaona nianze na ukurasa safi. Kwangu kusasisha ni huko huko, nilikuwa na toleo la zamani sasa nina jipya. Lugha nilichukua Kiingereza cha Marekani kwa sababu ndicho kilichokuwa kimeshachaguliwa, na sioni lugha inahusianaje na kitambaa. Na kwa kuwa nimeitwa mwongo, chukueni na hili: kila nikichapa, taa ya karatasi inawaka, nabonyeza kitufe, inaendelea. Nikajua ni uzee wa printa.

Rula_Sentimita
Taa inawaka kila ukichapa na hukuona ni jambo la kusema?!

Chapachapa
Printa inaomba Letter siku zote hizi, jamaa anaibonyeza inyamaze. Ndoa nyingi ziko hivi.

Mkasi_Butu
Haya, nimeandika hizo amri. Programu ni ile ya kusomea PDF iliyokuja na mfumo. Nabandika kilichotoka:

`PageSize/Media Size: *Letter Legal A4 A5`
`height=279`
`width=216`

Dada_Foleni
Nyota iko mbele ya Letter, maana yake ndiyo karatasi ya kawaida ya foleni hiyo. Ulipoongeza printa upya, CUPS iliangalia lugha ya mfumo, ikaona Marekani, ikaweka Letter. Programu ya PDF nayo ikaona ukurasa wa A4 hauenei, ikaupunguza. Fanya hivi:

`sudo lpadmin -p JINA_LA_PRINTA -o PageSize=A4`

Halafu rudia lpoptions uhakikishe nyota imehamia A4. Usitumie lpoptions kubadilisha, maana ukiiendesha bila sudo, yaani bila ruhusa ya msimamizi, inaandika kwa ajili yako peke yako, na mwingine akiingia kwenye mashine hiyo atakuta Letter.

MzeeKernel
Na ubadilishe LC_PAPER pia, ule mpangilio wa mfumo unaotaja ukubwa wa karatasi, ukiongeza printa nyingine usirudi hapa kulia. Kiingereza cha Uingereza kinatosha, kinatumia A4. Ukubwa huu ulipangwa Ujerumani mwaka 1922 kwa kiwango cha DIN 476, ukawa wa kimataifa kama ISO 216 mwaka 1975. Ukiukunja katikati unapata A5 yenye umbo lile lile. Letter ukiikunja hupati Letter ndogo. Hata hivyo Marekani na Kanada wameing'ang'ania, na kila programu inayoandikwa huko inakuja nayo. Mimi hili limenikera tangu enzi za printa za utepe, na CUPS yenyewe imekuwepo tangu 1999. Tena kuna siku nitawasimulia kuhusu...

Chapachapa
Mzee, siku hiyo isiwe leo.

Mkasi_Butu
Nimehamisha nyota. Taa haiwaki tena. Nimechapa faili la zamani ambalo sikulikuza. Mraba ni 96!! Nilisema mimi. Bora 110 yangu, angalau ilikuwa inanifikisha 100.

Asiyeamini
96. Niliitaja hapo juu.

Dada_Foleni
Tulia. Makosa yalikuwa mawili, umeondoa moja. 210 toa pambizo mbili za 4.2 inabaki 201.6, gawanya kwa 210 ni 0.96. Programu yako bado inabana ukurasa uingie ndani ya eneo linalochapika. Kwenye mfumo wa zamani bila shaka uliwahi kuizima, ikakumbuka, na kumbukumbu hiyo imekwenda na diski. Kwenye dirisha la kuchapa tafuta sehemu ya kupunguza au kukuza ukurasa, chagua isifanye chochote. Au uiruke programu kabisa:

`lp -d JINA_LA_PRINTA -o media=A4 -o print-scaling=none mchoro.pdf`

Ila kila mstari uwe umeingia ndani angalau mm 5 kutoka ukingoni. Ukizima kupunguza, kilicho nje ya pambizo hakichapwi.

Mkasi_Butu
100. Juu 100, ubavuni 100. Nimechapa kurasa mbili nikaziunganisha, alama zimelala juu ya alama. Dada, Mungu akuzidishie.

Sasa ile michoro niliyoikuza? Nilihifadhi juu ya ile ya awali.

Rula_Sentimita
🤦

Dada_Foleni
Mafaili ya Inkscape yapo, au umebaki na PDF tu?

Mkasi_Butu
Ya Inkscape yapo.

Dada_Foleni
Basi hakuna kilichopotea. Vitu vilivyotoka nje ya ukurasa kwenye Inkscape havifutiki, viko pale pale pembeni. Chagua vyote, fungua sehemu ya kubadilisha ukubwa, weka 90.909% upana na urefu, virudishe mahali pake, utoe PDF upya.

Rula_Sentimita
Na usiandike 90 kwa uvivu. 110 mara 0.9 ni 99.

Mkasi_Butu
Mikono na kola nimeshaweka 90.

Rula_Sentimita
Hivyo viwili vikuze kwa 101.01%. Na safari hii hifadhi kwa jina jingine.