Hati safi, lakini kodi ya kaunti haijalipwa

MamaNjoro: Habari zenu. Nanunua kiwanja Nakuru. Kwa msajili hati ni safi, ila jirani anasema mwenyewe hajalipa kodi ya kaunti miaka mingi. Deni litanifuata?

KaraniMstaafu: Litakufuata, mama. Linaishika ardhi yenyewe. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinalitambua hata lisipoandikwa kwenye daftari, ndiyo maana hukuliona. Zamani, kwa kifungu cha 38, bila cheti cha kutodaiwa kodi uhamisho haukusajiliwa, lakini kifungu hicho kilifutwa 2020. Peleka namba ya kiwanja kaunti wakupe hesabu. Tafadhali, usitoe hata amana kabla!

MamaNjoro: Muuzaji akisema hana pesa?

KaraniMstaafu: Mkataba useme deni linakatwa kwenye bei, na wakili wako ailipe kaunti moja kwa moja. Risiti ubaki nayo.