Naomba ushauri: baba mdogo hataki taa za sola kwenye dagaa

Wakuu, tunavua dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Nimenunua taa za sola tuachane na karabai, maana mafuta ya taa yanatumaliza. Baba mdogo, ndiye mwenye chombo, kagoma: eti mwanga mweupe unafukuza dagaa. Hajajaribu hata usiku mmoja!

Chuoni tulisoma habari za Fred Davis, Mmarekani aliyeandika mwaka 1989 kwamba mtu hupokea teknolojia akiona ina manufaa na ni rahisi kutumia. Urahisi mzee anauona, kuwasha ni swichi tu. Manufaa ndiyo haamini, na vijana chomboni wanamsikiliza yeye.

Nimwombe ajaribu taa moja giza lijalo, au nipitie kwa rafiki yake wa Ujiji anayezitumia tayari? Sitaki aone namfundisha kazi.