Tupeane uzoefu: vikorokoro vya picha za enzi za zamani kwa bei nafuu, Dodoma na vijijini

Mleta mada, Dodoma mjini

Mbukwenyi ndugu zangu. Siku hizi kila send-off na kila jubilei ya ndoa watu wanataka picha za enzi. Huyu anataka miaka ya sabini, yule enzi za mkoloni, mwingine maisha ya Wagogo kabla ya bati kuingia. Kazi hizi zimefika hadi vijijini na nazipenda kuliko zote, maana bibi wa Bahi naye anastahili kuonekana kwenye picha akiwa katika maisha aliyoyaishi kweli.

Kinachotushinda ni vikorokoro. Ukikodi redio ya mbao na taipureta Dar, ukijumlisha na nauli ya mzigo, nusu ya fedha ya mteja imekwisha. Na vitu vyenyewe humuhumu vipo, viko chini ya vitanda vya wazee wetu. Mnavipataje bila kuumia mfukoni na bila kumdhulumu mwenye navyo?

Naanza mimi. Koroboi sinunui iliyotumika, namwendea fundi bati sokoni na kopo tupu la maziwa. Anakata mfuniko, anachomea kijineli cha utambi, anaweka na mkono wa kushikia, kwa bei ya soda moja au mbili. Ikiwaka usiku mmoja tu na utambi mrefu inapata masizi yake, hakuna atakayejua ni mpya.

Mchangiaji, Mpwapwa

Mkuu, mimi sinunui kabisa, naazima. Lakini kuazima kijijini kuna taratibu zake. Siendi moja kwa moja kwa mwenye kitu; napita kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, najieleza, naandikwa kwenye daftari lake. Ndipo tunaongozana hadi kwa bibi. Mkononi nina kilo mbili za sukari na mche wa sabuni. Hapo sitaji picha wala fedha mpaka niulizwe nimefuata nini.

Kinu na mchi, ungo, vibuyu, chungu cha kupikia ugali wa uwele, kigoda, pasi ya mkaa, sanduku la bati la harusi yake: vyote nimewahi kupewa hivyo. Narudisha jioni ileile, vimeoshwa. Na baadaye napeleka picha iliyosafishwa kwenye karatasi, siyo ya kuoneshwa kwenye simu, na mwenye kitu naye yumo. Kuna kijiji kimoja huku hawaazimi mtu tena, kwa sababu wapiga picha fulani walichukua kigoda cha mzee mmoja wakasema watakirudisha Jumatatu. Mzee yule amekufa bila kukiona. Ndugu zangu, tunapomtendea mzee mmoja hivyo tunawafungia mlango wote watakaokuja nyuma yetu.

Mchangiaji, Kongwa

Nenda kwa wanunuzi wa skrepa. Kwenye magunia yao utakuta pasi za mkaa, vichwa vya cherehani za mkono, karabai zisizo na kioo, fremu za baiskeli za zamani, vyote vikisubiri lori la kupeleka kuyeyushwa. Kwao ni kilo tu. Mimi nimemwomba wa mtaani kwetu aniwekee kando kila kinachonukia uzee, nampa bei ya kilo na kidogo juu. Angalizo: chuma chochote cha reli kiache, hata ukipewa bure. Hicho ni cha wizi.

Huku kwetu wateja wengine hutaka picha za enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza 1947 ukafutwa 1951. Huhitaji trekta. Gunia la katani, jembe lenye mpini uliolainika kwa mikono, debe, kikombe cha bati chenye rangi iliyobanduka, na uwanda wenyewe wa Kongwa unatosha. Ndoo ya plastiki isionekane popote.

Dada fundi cherehani, Majengo

Kwenye nguo nisikilizeni mimi. Bugaluu halisi, ile suruali ya miaka ya sabini iliyopanuka chini, kuikodi ni ghali bure. Nunua suruali ya mtumba ya kitambaa kizito, iwe inabana mapajani. Fundi afumue mshono wa nje kuanzia gotini hadi chini, aingize kipande cha pembetatu cha kitambaa kinachofanana, apinde upya. Ni kazi ya nusu saa. Suti ya Chou En Lai, ile ya mtindo wa viongozi wa China, nayo inatoka kwenye koti la mtumba: ondoa kola ya kulala, weka ya kusimama, ongeza mifuko miwili ya kubandika kifuani.

Kwa picha za zamani zaidi, kaniki bado inauzwa madukani. Merikani ndiyo wengi wanakosea, wanaweka shuka jeupe la dukani linang'aa kama taa. Merikani haikuwa nyeupe vile, ilikuwa na unjano wa pamba. Chemsha majani ya chai, tia chumvi, loweka shuka usiku kucha, anika kivulini. Usipige pasi!

Mwalimu mstaafu, Mvumi

Vijana wangu, nawapongeza kwa dhati. Naomba tu mzijue tarehe, maana picha hizi wajukuu watazichukulia kuwa ushahidi. Nimeoneshwa picha ya "harusi ya 1970" mama kavaa kanga ya CCM. CCM ilizaliwa tarehe 5 Februari 1977. Mwaka 1970 huku bara ilikuwa TANU. Nimeona sebule ya miaka ya sabini ina televisheni. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Sebule ya mtumishi wa Dodoma wakati ule ilikuwa na redio juu ya kitambaa cha kufuma, kalenda, na picha ya Mwalimu Nyerere ukutani. Na mkitandaza fedha mezani, kumbukeni shilingi ya Tanzania ilianza 1966, kabla yake tulitumia ya Afrika Mashariki.

Jambo jingine. Ngoma ya muheme hupigwa na wanawake. Msimbebeshe bwana harusi kwa sababu tu inapendeza. Na mkikuta kwa mzee vitu vya tambiko, au mawe ya mvua yaliyobaki ya watemi, hivyo haviazimwi, hata kama mjukuu wake amekubali kwa fedha.

Mchangiaji, Chamwino

Naongezea la sheria. Mteja akileta ngozi ya chui, pembe za swala au manyoya ya mbuni eti ni ya babu, kataa. Ni nyara za serikali, na kukutwa nazo bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Ngozi ya mbuzi au ya ng'ombe inatosha, machinjioni utaipata, tafuta mtu wa kuikausha vizuri. Sare za jeshi vilevile, na zinazofanana nazo, hata kama mada ni vita ya Kagera. Raia haruhusiwi kuzivaa.

Mleta mada

Asante mwalimu, la kanga limenigusa. Swali: tembe halisi, ile nyumba ya asili ya Wagogo, nani anajua ilipo? Nyingi zimebaki kuta.

Mchangiaji, Kondoa

Zipo bado vijiji vya ndani, ila uliza kwanza kama paa linabeba. Paa la tembe ni udongo juu ya miti, likishaloa miaka mingi si salama kuingiza watu. Nenda Juni au Julai, mavuno yamekwisha, mtama uko ndani, barabara kavu na watu wana muda wa kukaa na wewe. Ndani ni giza, mwanga ni wa mlangoni tu. Mkalishe mtu hatua moja ndani ya mlango, asubuhi, zima taa zako zote. Hutahitaji kikorokoro zaidi ya kigoda na kibuyu.

Wanaotaka kupigia picha kwenye michoro ya miambani Kolo, piteni ofisini pale kwanza na mfuate mwongozaji. Eneo lile ni la urithi wa dunia tangu 2006. Msiuguse mwamba wala kuumwagia maji ili rangi ikolee.

Mchangiaji, Manyoni

Mimi nina karabai mbili, moja inawaka, nina santuri za marehemu baba na saa ya ukutani isiyotembea. Sikodishi kwa fedha, nabadilishana kwa wiki. Ninachohitaji kwa sasa ni taipureta yenye utepe, hata kama haichapi, na kiti cha uvivu cha turubai. Mwenye navyo Dodoma mjini anijibu hapa, mzigo tutaupa basi la Singida.