Mrejesho: vifaa vidogo vya umeme kwenye gari la kazi

Wakuu, mwezi uliopita niliwauliza nifanyeje, maana fyuzi, skrubu na konekta zangu zilikuwa zinachanganyika nyuma ya gari kila nikitoka Kampala kwenda Luwero. Nimerudi.

Masanduku ya plastiki yenye vyumba mliyonishauri nimenunua matatu. Mawili hayana shida. La tatu vigawanyio vyake havifiki kwenye kifuniko, tuta moja tu na skrubu zote zimehama nyumba. Nikakata sponji ya godoro kuukuu, nikaigundisha ndani ya kifuniko. Sasa nikifunga, sponji inakandamiza kila chumba na hata washa (kile kipete chembamba cha skrubu) haisogei. Sikulipa hata shilingi.

Fyuzi za plagi nimezitenga kwa rangi: nyekundu ni za ampea 3, za kahawia ni za ampea 13. Kijana wangu aliwahi kuweka ya 13 kwenye taa ya mezani yenye waya mwembamba, nikaiona kwa bahati tu. Ningechelewa, waya ungeungua kabla ya fyuzi kukatika.

Vumbi jekundu ndilo lilikuwa linanitesa zaidi. Mzee uliyesema nitumie ndoo za rangi zenye mfuniko wa kubana, shukrani sana: swichi na sakiti breka (zile za kujikata zenyewe umeme ukizidi) zimo humo, pamoja na vile vijifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Rafu ya mbao ya kwenye gari bado. Fundi seremala kachukua kianzio, simu hapokei.