Ushauri: Oili gani inafaa mashine ya boti ya mipigo miwili inayofanya kazi Naivasha?

Mwenye Boti (Umoja)

Ndugu zangu, hamjambo. Ninaishi hapa Nairobi, lakini boti yangu iko Naivasha upande wa Karagita, ambako binamu yangu huwapeleka wageni kutazama viboko na ndege. Mashine ni ya nguvu farasi 15, ya mipigo miwili, ile ambayo oili huchanganywa na petroli kwa mkono. Niliinunua ikiwa imeshatumika na haikuja na kitabu cha maelezo.

Kwa miezi miwili sasa inatoa moshi mzito inapowashwa, inazimika ikitembezwa polepole, na kila baada ya siku mbili tatu binamu hulazimika kufungua plagi na kuzisugua kwa msasa. Jumamosi iliyopita nilizifungua mwenyewe. Zilikuwa nyeusi, zimelowa, na kwenye ncha kulikuwa na utando unaonata kidoleni kama lami iliyopata jua. Mashine imekwisha kuzimika mara mbili wageni wakiwa ndani, na mara ya pili boti ilikuwa karibu mno na kundi la viboko. Tangu siku hiyo sipati usingizi mzuri.

Jumatatu nilikwenda Kirinyaga Road kutafuta oili bora. Duka la kwanza walinipa oili ya pikipiki, 20W-50, wakaniambia kwamba oili ni oili. La pili walinipa chupa iliyoandikwa 2T, yaani mipigo miwili, yenye picha ya msumeno wa kukatia miti. La tatu walikuwa na oili ya boti iliyoandikwa TC-W3, ambayo bei yake ilikaribia mara mbili ya ile ya msumeno. Niliondoka mikono mitupu. Naomba kujua kama tofauti hizi ni za kweli au ni za maandishi tu, nitie kiasi gani katika lita 20, na kama oili ndiyo inayochafua plagi.

Mwana wa Ziwa (Kasarani)

Pole sana, ndugu. Nimekulia Mbita, kando ya Ziwa Victoria, na nimeendesha mashine hizi tangu ujana wangu. Kabla hatujazungumzia aina ya oili, tueleze binamu yako anapima kwa chombo gani, na boti hutembea kwa mwendo gani kwa muda mwingi wa safari. Usinunue chochote hadi ujibu maswali hayo mawili.

Fundi wa Mashine (Industrial Area)

Nitajibu swali la aina ya oili, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hupoteza mashine nzuri.

Anza kwa kuiondoa ile ya pikipiki. Boda boda nyingi za Nairobi zina injini za mipigo minne, ambamo oili hukaa chini ya injini, huzunguka, na hubadilishwa baada ya muda. Haikutengenezwa ili iungue. Ina viungo vya zinki na kalsiamu vinavyolinda vyuma, lakini ukiichanganya na petroli ikaungua ndani ya silinda, viungo hivyo huacha majivu magumu juu ya pistoni na kwenye plagi. Aliyekuambia oili ni oili hakukutakia mema, hata kama hakujua.

Ile ya msumeno ni ya mipigo miwili kweli, na ndiyo maana inadanganya. Msumeno, na pikipiki za zamani za mipigo miwili, hupozwa kwa hewa, kwa hiyo pistoni yake huwa ya moto zaidi. Oili yake, ambayo kwa kawaida huandikwa alama za viwango kama JASO FB, FC au FD, au API TC, hutiwa visafishaji vyenye madini ili istahimili joto hilo. Mashine yako hupozwa kwa maji ya ziwa yanayovutwa na pampu iliyo karibu na rafadha. Silinda zake huwa baridi zaidi, na katika ubaridi huo madini yale hujikusanya kama majivu. Majivu hukwamisha ringi, yaani pete za chuma zinazoizunguka pistoni, kwenye mifereji yake, huziba plagi, na yakiwaka mithili ya kaa juu ya pistoni huweza kuwasha petroli kabla ya wakati wake, jambo linaloweza kutoboa pistoni.

TC-W3 ni kiwango cha NMMA, chama cha Marekani cha watengenezaji wa vyombo vya majini. Maana yake ni oili ya mipigo miwili, ya injini inayopozwa kwa maji, toleo la tatu la kiwango hicho. Oili hiyo haiachi majivu, na ili ipewe alama lazima ipimwe kama inachanganyika vizuri na petroli, kama inazuia kutu, na kama ringi hazikwami. Ukiiona alama hiyo kwenye chupa iliyofungwa vyema, usisumbuliwe na rangi. Buluu, kijani au nyekundu ni rangi iliyotiwa ili uone kwamba petroli imekwisha kuchanganywa. Kama ni ya kawaida au ya sintetiki pia si jambo la kukunyima usingizi. Mashine ya nguvu farasi 15 itatosheka na yoyote kati ya hizo mradi iwe TC-W3.

Muuza Vipuri

Kwa heshima zote, Fundi, ninauza oili ya msumeno kwa wateja wenye boti kwa miaka mingi, na hakuna aliyerudi kulalamika. Mtu mwenye kipato kidogo afanye nini?

Fundi wa Mashine (Industrial Area)

Ndugu yangu, ninaamini kwamba hawakurudi kwako. Mashine yenye ringi zilizokwama haifi siku hiyo. Hupungua nguvu polepole, na mwenyewe huamini kwamba imezeeka. Hao ndio ninaowapokea mimi, na bei ya pistoni, ringi na kuchonga silinda hununua oili sahihi ya miaka kadhaa. Kama mtu amekwama majini na hana nyingine, oili ya msumeno ni afadhali kuliko petroli tupu, kwa sababu petroli tupu itaikwamisha pistoni kwa muda mfupi sana. Tofauti na hapo, tafadhali waambie wateja wako ukweli.

Mwenye Boti (Umoja)

Ahsanteni. Nimempigia binamu simu. Anapima kwa chupa ya soda ya nusu lita. Anaijaza, anaimimina katika mtungi wa lita 20, kisha anaongeza kidogo zaidi ili mashine isikauke. Oili yenyewe ananunua ya kupimiwa kutoka kwenye pipa. Kuhusu mwendo, muda mwingi boti huenda polepole sana ili viboko wasishtuke, na wakati mwingine hukaa dakika 20 mashine ikinguruma tu.

Mwana wa Ziwa (Kasarani)

Sasa tunaelewana. Nusu lita katika lita 20 ni sehemu 1 ya oili kwa 40 za petroli, na kwa kile kidogo anachoongeza pengine mnafika 1 kwa 35. Mashine nyingi za aina yako hutaka 1 kwa 50, yaani mililita 400 kwa lita 20. Ziko chache zinazotaka 1 kwa 100, kwa hiyo soma namba ya modeli kwenye kibandiko kilicho kwenye mabano ya kufungia mashine, kisha utafute kitabu chake kabla ya kushika kipimo changu. Mashine mpya, au iliyobadilishwa pistoni, mara nyingi huanza na 1 kwa 25 kwa saa 10 za kwanza, na labda huko ndiko binamu alikozoea oili nyingi.

Kuongeza oili kwa ajili ya usalama hakuleti usalama. Kila tone la oili linachukua nafasi ya petroli, kwa hiyo kabureta, inayochanganya petroli na hewa, hupitisha petroli pungufu huku masizi yakizidi.

Usitumie chupa ya soda tena. Nunua chupa ya kunyonyeshea mtoto, ile yenye mistari ya mililita ubavuni. Ijaze hadi 200, imwage, ijaze tena hadi 200, basi. Tia kwanza petroli kama lita 5, kisha oili, tikisa vizuri, ndipo umalizie petroli iliyobaki. Ukitanguliza oili ndani ya mtungi mtupu itashikamana na sakafu, na mchanganyiko wa juu utakuwa hafifu.

Jambo la mwisho kwangu ni huo mwendo. Mashine ya mipigo miwili ikinguruma polepole kwa muda mrefu haichomi oili yote. Mkishaachana na viboko na kufika kwenye maji mapana, mwambie aifungulie mwendo kwa dakika chache ili ijisafishe.

Mkaaji wa Ruaka

Naongezea kuhusu ile oili ya pipa. Hujui ndani kuna nini, na huna alama ya kuangalia. Nunua chupa yenye muhuri ambao haujaguswa, yenye alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Namba ya kibali unaweza kuihakiki kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Petroli nayo inunuliwe kituoni, wala si kwenye mitungi ya kando ya barabara. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulikithiri nchini hadi mwaka 2018 Serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia, na mafuta ya taa yakiingia humo yataleta moshi na kugonga kwa injini hata ukiwa na oili bora namna gani.

Fundi wa Mashine (Industrial Area)

Kuna jambo ambalo halijasemwa, nalo ni mwinuko. Ziwa Victoria liko kwenye mita 1,134 hivi, ilhali Naivasha iko karibu mita 1,890. Hewa ya Naivasha ni nyepesi zaidi. Kabureta iliyopangwa kwa usawa wa bahari itatoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, na plagi zitakuwa nyeusi hata oili ikiwa sawasawa. Nguvu nayo hupungua kwa takribani asilimia 3 kwa kila mita 300. Ukisharekebisha oili na kipimo, na weusi ukabaki, mwombe fundi anayejua aweke jeti ndogo, yaani kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, kwa kufuata jedwali la mtengenezaji. Lakini andika hilo kwa wino usiofutika ndani ya kifuniko: siku mashine itakapouzwa Kisumu au Mombasa, jeti ya zamani lazima irudishwe, la sivyo petroli itakuwa pungufu na pistoni itaungua.

Acheni pia kusugua plagi kwa msasa, maana chembe zake huingia silinda. Weka plagi mpya ili usomaji uwe wa haki. Rangi ya kahawia kama chokoleti ni nzuri. Nyeupe ni onyo la joto.

Mwenye Boti (Umoja)

Narudi baada ya wiki mbili, kwa sababu mlinipa muda wenu na mnastahili kujua kilichotokea.

Kibandiko kilisomeka baada ya kukipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na kitabu cha modeli hiyo kinataka 1 kwa 50. Nilinunua TC-W3 iliyofungwa, plagi mbili mpya, na chupa ya mtoto ambayo binamu sasa anaitundika kwa kamba shingoni mwa mtungi ili isipotee. Mchanganyiko wa zamani tuliutoa wote tangini. Hatukuumwaga ziwani, kwani watu wanavua humo, na tangu 1995 ziwa hilo limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za dunia. Tuliuhifadhi katika mtungi uliofungwa, nami natafuta mtu wa kuuchukua.

Moshi wa asubuhi umepungua sana. Haijazimika tena. Jana nilifungua plagi: ya juu ni kahawia, lakini ya chini bado ina weusi, ingawa ni mkavu.

Fundi wa Mashine (Industrial Area)

Nimefurahi mno. Kwa kuwa silinda mbili zinatofautiana, jeti isubiri. Pima kwanza mgandamizo wa kila silinda mashine ikiwa ya moto na plagi zote zimetolewa. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, huenda ringi ya silinda ya chini imekwama kwa yale masizi ya zamani, na hapo tutazungumza habari ya kuifungua. Niletee tarakimu zote mbili.

Mwenye Boti (Umoja)

Nimeazima kipimo kwa jirani. Jumamosi alfajiri nitakuwa Karagita, na tarakimu nitaziweka hapa jioni hiyo hiyo.