Naomba ushauri: kisu kimoja kisichokunjwa, cha kambini na cha kutembea nacho kila siku

MpandaVilima

Wakuu habari zenu. Naombeni msaada kabla sijaingia mkenge.

Miaka yote nimetumia kisu cha kukunja. Safari iliyopita nilikuwa nachonga vigingi vya hema, mvua inanyesha, mikono imeloa chapachapa. Kufuli ya kisu ikaachia na makali yakanirudia vidoleni. Kucha ndiyo iliyoniokoa, lakini tangu siku ile sikiamini tena. Nataka kisichokunjwa, kimoja tu, kinifae kambini na pia nitembee nacho siku za kawaida: kufungua maboksi, kukata kamba, kumenya tunda.

Kuna kimoja nimekipenda kwa macho. Ubapa sentimita 18, unene milimita 6, mgongoni kina meno ya msumeno, mpini uko wazi ndani na umejazwa viberiti na ndoano za samaki, kitakoni kuna dira. Muuzaji anasema kinakata hata waya. Je, kinafaa au ni ushamba umenishika? Na chuma kipi bora, cha kaboni au kisichoshika kutu? Nawasilisha.

NgojaNgoja

Ngoja waje wenye visu vyao. Nimekaa pale nasoma.

FundiMakali

Mkuu achana nacho. Hata mimi niliwahi kuwa na cha aina hiyo, kwa hiyo sikucheki.

Nguvu ya kisu kisichokunjwa ni kwamba ubapa na chuma kilicho ndani ya mpini ni kipande kimoja. Kuna vile ambavyo chuma kinapita kwa upana wote mpaka kitakoni, unakiona kati ya vibao viwili vya mpini. Kuna vingine chuma kinachoingia ni chembamba na kimefichwa ndani. Vyote vinafanya kazi. Sasa jiulize: mpini ukiwa bomba tupu la kuwekea viberiti, chuma kimeishia wapi? Kimeishia shingoni, kimeshikwa na nati. Changu kilikatikia hapohapo. Nilikuwa napasua kuni nene kama kifundo cha mkono, nagonga mgongo wa kisu kwa kipande cha gogo. Pigo la nne au la tano mpini ukabaki mkononi, ubapa ukabaki ndani ya kuni, ndoano zikamwagika majanini. Usiku ule nililala nikijua kuna ndoano karibu na mkeka wangu ambazo sijaziokota zote.

Hayo meno nayo ni pambo. Msumeno wa kweli meno yake yamepindishwa moja huku moja kule, yanachimba njia pana kuliko ubapa ndiyo maana haukwami. Haya yamechongwa kwenye chuma kinene, yakizama kidogo tu yanang'ang'ania. Na ukitaka kugonga mgongo, yanatafuna gogo lako. Ukitaka kuchonga kwa utaratibu, huna pa kuweka kidole gumba.

Mgongo mzuri ni mnyoofu na kona zake ni kali, pembe mraba kabisa. Kona hiyo ndiyo inayokwangua fimbo ya cheche moto ukawaka. Ukikwangua kwa makali ya kisu unayaua bure.

MpandaVilima

Dah. Na ile ya kukata waya?

FundiMakali

Waya unakatwa na koleo mkuu.

BiHema

Fundi kamaliza ya mpini, mimi niongelee unene, maana hapo ndipo wengi tunapopigwa. Tunaona milimita 6 tunadhani ndiyo uimara. Chukueni karoti mjaribu. Kisu kinene kinaingia kama kabari: karoti inalia *ta!* na kupasuka yenyewe kabla makali hayajafika kwenye ubao, kipande kimoja kinaruka chini. Kisu cha milimita 2.5 kinapita kimya, unapata vipande vyembamba vinavyopitisha mwanga. Sasa ndugu yangu soma tena kazi ulizoorodhesha. Boksi, kamba, tunda. Hizo zote ni karoti, hakuna gogo hata moja.

Mimi natumia Morakniv Companion, ya Sweden. Ubapa ni sentimita 10 na kidogo, unene ni huo milimita 2.5, mpini una mpira kwa hiyo hautelezi ukiloa. Chuma chake hakifiki mwisho wa mpini, na kusema kweli vijiti na kuni nyembamba nimepasulia sana bila tatizo. Kuni yenye kifundo sikigongi. Ukitaka cha kugonga bila huruma, kampuni hiyohiyo ina Garberg, unene milimita 3.2 na chuma kinatokea kitakoni. Ila ni kizito zaidi na bei yake ni ya juu mara kadhaa.

Kuni nene nina shoka dogo.

MzeeWaGogo

Mnamtisha kijana wa watu. Kisu kikubwa kina raha yake. Mimi nina Ka-Bar, ile ambayo wanamaji wa Marekani walianza kupewa mwaka 1942, ubapa wa inchi 7, karibu sentimita 18 hizohizo anazozitaka. Kinafyeka, kinapasua, kinachimba. Mpini ni wa vipande vya ngozi vilivyopangwa kama sarafu, ukiushika unajisikia mtu. Tofauti na hilo bomba lake ni kwamba hiki kimetengenezwa kwa kazi.

BiHema

Mzee shikamoo. Hicho unakivaa ukienda kuchukua kifurushi?

MzeeWaGogo

Marahaba binti. Hapana, kinakaa kwenye begi la kambi. Nikienda kuchukua kifurushi nina kadogo ka kukunja mfukoni. Nimekuelewa, nimekaa kimya.

MwanaSheriaPori

Nashangaa tumefika hapa hakuna aliyegusa sheria. Mleta mada anasema anataka kitu cha kukaa kiunoni *kila siku*. Hilo si suala la chuma kwanza.

Sheria zinatofautiana vibaya sana. Uingereza, kutembea hadharani na kisu kisichokunjwa bila sababu ya msingi ni kosa hata kiwe kidogo namna gani. Kinachoruhusiwa bila maelezo ni cha kukunja kisicho na kufuli, makali yasizidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Ujerumani kisichokunjwa chenye ubapa unaozidi sentimita 12 huruhusiwi kutembea nacho bila sababu inayokubalika. Japani mpaka wao ni sentimita 6. Na "sababu ya msingi" maana yake ni kwamba naenda kambini na hema hili hapa mgongoni. "Huwa napenda kuwa nacho" haimo. "Ni cha kujilinda" ndiyo mbaya kuliko zote, usije ukaitamka mbele ya askari ukidhani unajitetea.

Kwa hiyo kabla ya kununua soma sheria ya unapoishi na ya unapopita. Ukisafiri kwa ndege kisu kiende kwenye begi la mizigo, ndani ya ala na kimefungwa vizuri ili anayelikagua asijikate. Begi la mkononi sahau.

MpandaVilima

Hili la sheria sikulifikiria kabisa. Nimetoka kusoma sasa hivi: kwetu naruhusiwa ila urefu una kikomo, na zile 18 zisingepita. Asante sana mkuu. Basi tushuke mpaka 10. Chuma je?

FundiMakali

Chuma kinazungumzwa kuliko kinavyostahili, lakini sawa.

Cha kaboni, mfano 1095, kina kaboni kama asilimia 0.95 na hakina kromiamu ya kukilinda. Kinanoleka haraka, kikibutuka unakirudisha kwa dakika chache. Ukikata limau ukakiacha hivyo, ukirudi kimeshaota madoa ya bluu na kijivu. Hayo madoa si adui, yakitanda sawasawa yanapunguza kasi ya kutu. Kutu nyekundu ndiyo adui. Ukichagua hiki inabidi uwe mtu wa kufuta kisu kila ukimaliza na kukipaka tone la mafuta.

Kisichoshika kutu kina kromiamu, visu vingi ni kuanzia asilimia 13 hivi. Jina linadanganya kidogo: kinashika kutu, ila kwa kuchelewa. Bahari itakishinda ukikisahau. Kwako wewe unayemenya tunda na kulala kwenye mvua, nenda na hiki. Vyuma vinavyoitwa 14C28N na 12C27, vya Sweden, vinashika makali vizuri na jiwe la kawaida linavinoa. Usivutwe na vyuma vigumu mno ambavyo vitakukalisha jiweni jioni nzima. Kambini kisu kinachonoleka ni bora kuliko kisu kinachojisifu.

Na vile vyenye mawimbimawimbi kama maji, vinauzwa rahisi bila kutajwa chuma gani kimo ndani: mengi ya hayo mawimbi ni mchoro wa tindikali tu juu ya chuma cha ovyo. Pita mbali.

NgojaNgoja

Samahani kwa kudandia, mimi nina kisu kizuri lakini kunoa kunanishinda. Nanoa nusu saa, hakikati.

FundiMakali

Kishike makali yakiangalia juu, chini ya taa, ukitazame kwa mstari. Makali halisi hayaonekani, hayana upana wa kurudisha mwanga. Ukiona uzi mweupe unang'aa, pale ni butu. Paka mteremko wa makali wino wa kalamu ya maka, kisha pitisha kisu jiweni mara mbili tu na uangalie. Wino ukitoka juu na kubaki kwenye ncha ya makali, umekilaza mno, hujagusa kinachokata. Naamini hilo ndilo tatizo lako. Vile vya Kiskandinavia ni rahisi kwa anayeanza: mteremko wake ni mpana, unaulaza wote jiweni na wenyewe unakuonyesha pembe. Malizia kwenye mkanda wa ngozi, ukivuta kinyumenyume.

BiHema

Turudi kwa mwenye uzi, hajaambiwa kuhusu ala. Ndugu, ala ndiyo utakayoishi nayo. Kisu unakichomoa dakika mbili kwa siku, saa zilizobaki umevaa ala. Ikining'inia mpaka pajani itakuchoma ukikaa kwenye gari na utaanza kukiacha nyumbani.

Ukifika dukani, shika ala kisu kikiwa ndani, mdomo wake ukitazama chini, iwe juu ya kitu laini, itikise. Kisu kikidondoka, rudisha. Ya ngozi ni nzuri na haipigi kelele, lakini inanyonya maji na kuyatunza. Kisu cha kaboni usikihifadhi humo, utakikuta na kutu. Ya plastiki ngumu inaoshwa na kukauka, iwe na tundu chini maji yatoke. Kuna watu wanavaa shingoni. Kwa kisu kidogo sawa, ila kamba iwe ya kuachia yenyewe ikivutwa, la sivyo siku ukinasa kwenye tawi utajinyonga.

Na tafadhali kaa vizuri unapochonga. Viwiko juu ya magoti, kazi iwe mbele ya magoti, kamwe si katikati ya mapaja. Mshipa mkubwa wa damu unapita pale na hospitali haiko kambini.

MpandaVilima

Mrejesho wakuu. Nimenunua cha kama cha BiHema, kisichoshika kutu, sentimita 10. Karoti nimeijaribu, kweli imekatika kimya. Yale mabomba ya dira nimeachana nayo.

Tatizo moja. Nilitaka kukiboresha, nikanunua na ala ya ngozi ya kuvaa kwa kulala kwenye mkanda. Nikichomoa, makali yanatokea yakitazama tumbo langu. Mara mbili yamegusa shati. Ala mbovu au mimi?

BiHema

Unaivaa upande gani?

MpandaVilima

Kushoto. Mimi ni mashoto.

FundiMakali

Siku zote hizi mkuu ndiyo unasema leo!

Ala haina kosa, imeshonwa kwa mtu wa mkono wa kulia. Ukiihamishia upande wa pili makali yanageuka. Irudishe kama wanapokea, ama tafuta fundi viatu akushonee iliyogeuzwa. Mwambie aweke kipande cha ngozi katikati ya mshono, upande wa makali, ili kisu kisikate nyuzi. Kwa sasa rudi kwenye ile ya plastiki iliyokuja nacho, kisu kinaingia humo kikitazama upande wowote. Na siku ukinunua kingine, epuka vile vilivyonolewa upande mmoja tu kama patasi. Vingi vimetengenezwa kwa mkono wa kulia, vitakuvuta pembeni kila ukichonga.

MzeeWaGogo

Na mimi ni mashoto. Hiyo ala ya ngozi usiitupe, ivae mgongoni kwa kulala, mpini ukitazama kushoto. Simama mbele ya kioo ujaribu mara kumi taratibu, kisu kikiwa kimefungwa utepe kwenye makali. Makali yakitazama nje, umepata. Yakitazama ndani, igeuze.

MpandaVilima

Shikamoo mzee. Nimejaribu sasa hivi na utepe. Yanatazama nje.