Wasimamizi wawili, maoni mawili tofauti kwenye sura ya mbinu. Nafanyaje?

rasimu_ya_nne aliuliza:

Wakuu, salamu. Nipo uzamili kwa tasnifu, nina wasimamizi wawili. Pendekezo limepita, sasa nasahihisha sura ya tatu kabla ya kwenda kukusanya data. Nimekwama sehemu nne:

1. Jamii lengwa ni watu 1,000. Msimamizi wa kwanza anataka fomula ya Yamane, inanipa sampuli ya 286. Wa pili ameandika pembeni: "278, Krejcie na Morgan." Nikimfuata mmoja, mwingine atanihoji.
2. Maoni mengine ni maneno mawili matatu: "Kwa hiyo?", "Haijakaa sawa", "Nani anasema?" Nayafanyia kazi vipi?
3. Kikao cha dakika 30 kinaishia kwenye nukta, mkato na mpangilio wa marejeleo. Mambo mazito hatuyafikii.
4. Nitume kila sehemu ninapoimaliza, au nisubiri sura nzima?

Sitafuti njia ya kuwaridhisha tu. Nataka nikitoka hapo niwe nimejifunza kazi yenyewe.

---

hesabu_kwanza alijibu:

Naanza na namba 1, maana mafahali hao hawapigani kabisa, ni wewe tu unayeumia kama nyasi. Fomula ni moja, imeandikwa kwa sura mbili.

Anza na jamii isiyo na kikomo: z² × p × (1 − p) ÷ d². Weka z = 1.96 (ya uhakika wa asilimia 95), p = 0.5 (uwiano unaoukisia), d = 0.05 (kosa unalolikubali), unapata 384.16. Sasa punguza kwa sababu watu wako ni 1,000 tu: 384.16 ÷ (1 + 383.16/1000) = 277.7, yaani 278. Hiyo ndiyo namba ya jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970. Yamane amekadiria z kuwa 2 badala ya 1.96. Kwa 2, mwanzo unapata 400, na 400 ÷ (1 + 400/1000) = 285.7, yaani 286. Tofauti ya watu wanane imetokana na kukadiria desimali, basi.

Andika hesabu hizo mbili kwenye nusu ukurasa, uwapelekee wote wawili kwa barua pepe moja, na useme unachukua 286 kwa kuwa inazikidhi zote mbili. Usimwambie mmoja kwamba mwenzake amekosea, kwa sababu hajakosea.

Ila kuna maswali matatu makubwa kuliko hilo, na mtahini atayauliza.

La kwanza: wasiojibu. Ukitarajia asilimia 10 hawatarudisha dodoso, gawanya kwa 0.9, usijumlishe asilimia 10. 286 ÷ 0.9 ni 318. Ukijumlisha unapata 315, na asilimia 90 ya 315 ni 283 na ushee. Umeshapungukiwa kabla hujaanza.

La pili: unawachagua vipi? Ukichagua madarasa au vikundi kwanza, halafu watu ndani yake, watu wa kundi moja hufanana, kwa hiyo kila mmoja anakupa taarifa pungufu. Zidisha 384.16 kwa 1 + (m − 1)ρ, ambapo m ni idadi ya watu unaowachukua kila kundi na ρ ni kipimo cha kufanana kwao. Watu 20 kwa kundi na ρ ya 0.05 vinatoa 1.95. Kosa linalojirudia ni kuzidisha 278. Zidisha 384.16 kwanza, upate 749.1, ndipo urekebishe kwa ile 1,000: inakuja 429. Hiyo ρ itafute kwenye tafiti zilizotangulia zenye kipimo kama chako, usiiote.

La tatu, na hapa ndipo wengi huanguka: fomula zote hizi ni za kukadiria uwiano, kwa mfano asilimia ngapi wanafanya jambo fulani. Kama lengo lako ni kulinganisha wastani wa makundi mawili, hazikuhusu. Hapo unahesabu nguvu ya jaribio, yaani uwezekano wa kuiona tofauti ikiwa kweli ipo. Kwa tofauti ya wastani ya nusu mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi majibu yanavyotawanyika), nguvu ya asilimia 80 na kiwango cha maana cha 0.05 cha pande mbili, unahitaji watu 64 kila kundi. Tofauti ikiwa ndogo, 0.2 ya mkengeuko sanifu, ni takribani 394 kila kundi. Peleka swali hili kwa maprofesa wako wakati dodoso bado halijachapishwa.

---

pembezoni alijibu:

Kwenye maoni mafupi: Prof. anayesoma rasimu nyingi huandika alama, si maelezo. Alama hizo zina maana ambazo hazibadiliki sana.

"Kwa hiyo?" huwekwa mwishoni mwa aya iliyoishia kwenye maneno ya mtu mwingine. Umeandika kwamba fulani alikuta hivi, fulani akakuta vile, ukanyamaza. Aya inadai sentensi yako: matokeo hayo yanaacha nini wazi, na utafiti wako unaingia wapi. Dawa ni kuandika pembeni ya kila aya sentensi moja inayosema aya hiyo inadai nini. Ukikuta umeandika "inaeleza utafiti wa fulani", hapo pana muhtasari, hoja hakuna. Zisome hizo sentensi za pembeni peke yake toka juu hadi chini. Zisipofuatana, sura haifuatani.

"Nani anasema?" mara nyingi ni dai lisilo na chanzo. Mara nyingine chanzo kipo lakini hakibebi dai: utafiti ulihoji watu 40 wa sehemu moja, wewe umeandika "watu wengi hu...". Kuongeza marejeleo matatu hapo hakuponyi. Punguza dai.

"Haijakaa sawa" ndiyo ngumu, kwani inaweza kuwa chochote. Kwenye sura ya mbinu anza kushuku vitenzi vya malengo. Ukiandika "kuchunguza athari za A kwa B" huku unapima mara moja tu kwa dodoso, usanifu wako hauwezi kuonyesha athari. Unaonyesha uhusiano. Badili neno au badili usanifu. Kisha chora jedwali la safu nne: lengo mahususi, vigeu (mambo unayoyapima), namba za maswali kwenye dodoso, na uchanganuzi utakaofanya. Swali la dodoso lisilo na lengo, lifute. Lengo lisilo na swali ni shimo, na utaligundua data ikiwa imeshakusanywa kama hukulichora mapema. Peleka jedwali hilo kwenye kikao. Prof. atalisoma kwa dakika mbili na kukuonyesha kilichopinda, kuliko kumrudishia kurasa 25.

Halafu yale masahihisho aliyoyaingiza mwenyewe ndani ya faili: usibonyeze kukubali yote. Hifadhi nakala yake, fungua yako kando, andika upya kila badiliko kwa mkono wako na ujiulize limetoka wapi. Akikufutia "ni muhimu kutambua kwamba" ukurasa wa 3, nenda uifute ukurasa wa 4 hadi wa mwisho. Yeye husahihisha kurasa tano za mwanzo kama mfano, akichoka anaacha. Wanafunzi hudhani kurasa zilizobaki ziko safi.

---

ajenda_tatu alijibu:

Vikao. Siku tano za kazi kabla, tuma ukurasa mmoja: ulichofanya tangu kikao kilichopita (mistari mitatu), maswali yasiyozidi matatu, na kurasa unazotaka asome, zikiwa na namba. Kila swali libebe njia mbili, unayoegemea na sababu yake. "Nitumie njia gani ya uchanganuzi?" ni swali la kumtwisha mzigo wako. "Jibu langu lina hali mbili tu, ndiyo au hapana, kwa hiyo naegemea rigresheni ya lojistiki, kuna sababu ya kutofanya hivyo?" ni swali analoweza kulipinga, na anapolipinga ndipo unasikia anavyofikiri.

Anza na swali zito. Mambo ya nukta na marejeleo sema mapema kwamba utayapokea kwa maandishi. Na uyapunguze mwenyewe: programu ya kupanga marejeleo itumike tangu ukurasa wa kwanza, maana makosa ya marejeleo ndiyo yanayovuta jicho la msomaji mbali na hoja.

Akikupa agizo, uliza swali moja tu la nyongeza: "Nikiacha hivi ilivyo, mtahini atapinga nini?" Jibu lake liandike neno kwa neno.

Ndani ya saa 24 tuma kumbukumbu za kikao kwa wasimamizi WOTE: tulichokubaliana, nani afanye nini, lini. Mistari kumi inatosha. Mmoja akibadili msimamo baada ya miezi miwili (hutokea, binadamu husahau), unarejea kumbukumbu bila kubishana.

Namba 4: sikubaliani na wanaotuma sura nzima tu. Tuma mapema kile ambacho kikiwa kibovu kinabomoa vingine: malengo, jedwali la vigeu, dodoso. Mapitio ya maandiko subiri yakamilike.

---

pembezoni alijibu:

Hapo kwenye mapitio napinga kidogo. Tuma muundo wa mapitio, vichwa vya sehemu na ile sentensi moja ya kila aya, kabla ya kuandika. Mwanafunzi anayeleta kurasa 40 zilizopangwa kwa majina ya waandishi badala ya kwa mada atarudishwa aanze upya.

---

rasimu_ya_nne alijibu:

Asanteni sana, hesabu ya 286 na 278 imeniondolea mzigo. Swali la mwisho: je, wakipingana kweli, si kwa desimali? Mmoja anataka dodoso peke yake, mwingine anasema niongeze usaili wa watu 15. Kibali cha maadili tayari ninacho, cha dodoso.

---

ajenda_tatu alijibu:

Usiwe mjumbe wa kubeba maneno baina yao. Omba kikao cha pamoja cha dakika 20, au andika barua pepe moja kwa wote, yenye gharama ya kila njia. Usaili wa saa moja huchukua saa nne hadi sita kuunakili. Watu 15 ni saa 60 hadi 90 za kunakili tu, kabla hujaanza kuweka misimbo, yaani lebo za mada kwenye majibu. Jumlisha kuandaa mwongozo wa maswali, kuujaribu na kuandika sehemu ya matokeo, ulinganishe na tarehe yako ya kuwasilisha.

Kisha uliza lengo gani mahususi linalohitaji usaili. Kama lengo la tatu linauliza "kwa nini", dodoso lenye maswali funge halitalijibu na huyo msimamizi anayetaka usaili ana haki. Kama halipo, usaili utaning'inia bila sura ya kuingia.

Wakikwama kabisa, taratibu za vyuo vingi humpa msimamizi mkuu neno la mwisho. Soma mwongozo wa chuo chako ujue ni nani, na kama mgogoro huenda kwa mratibu wa uzamili.

---

hesabu_kwanza alijibu:

Na kibali: hakiuhusu usaili hata kama washiriki ni walewale. Unaomba marekebisho ya kibali, ukiambatisha mwongozo wa usaili, fomu mpya ya ridhaa inayotaja kurekodiwa sauti, na maelezo ya wapi rekodi zitahifadhiwa na lini zitafutwa. Usimhoji mtu hata mmoja kabla jibu halijatoka. Data iliyokusanywa nje ya kibali inaweza kukataliwa yote, na hapo hakuna msimamizi atakayeweza kukutetea.

Ukikubaliwa, chagua wa kuhoji kutokana na majibu ya dodoso, siyo wa kwanza kupatikana. Hiyo inamaanisha dodoso lianze, na liwe na namba ya siri ya kuunganisha mshiriki na majibu yake. Sasa hivi dodoso lako linayo namba hiyo? Kama ni la bila utambulisho kabisa, hiyo nayo iingize kwenye maombi ya marekebisho.